Mnong'ono wa Mzee Galgalo na Vidole vya Mkewe

Ninyi mnaokalia benchi langu sasa mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimestaafu juzi tu, na tayari sikumbuki niliiweka wapi ile koleo ndogo yenye mpini mwekundu, kwa hiyo mmeomba kwa wakati wake. Sitaandika nililipwa nini wala nani alinipa cheti. Nitaandika habari za mashine, za mtu aliyenifundisha kuzisikiliza, na za kazi moja ambayo wazee wa Isiolo wananilaumu kwayo hadi leo.

Kwetu ni watu wa magari. Babu aliletwa huku na jeshi la wakoloni, vita vikaisha, akabaki, na wanawe wakanunua malori. Tangu hapo ukoo mzima kazi yake ni kubeba mbuzi, mchele na saruji kwenda kaskazini. Mimi nilitapika kila safari. Lori lilikuwa halijapita Ngaremara nami nimeshaning'inia dirishani. Siku moja baba aligeuza gari hapo hapo, akanirudisha mjini hadi kwa Fundi Mwirigi, Mmeru aliyekuwa na duka la kutengeneza redio karibu na soko la mifugo. Akamwambia, "Huyu gari imemkataa. Hebu uone kama stima itamkubali."

Mwirigi alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyependa maneno mengi. Alikuwa amefanya kazi Nairobi miaka mingi kama fundi wa bendi za hoteli. Vinanda vya dijitali vilipoingia, hoteli zikatupa vile vya zamani, naye akaviokota akavileta Isiolo. Vingi vilikuwa vile tunavyoviita vinanda vya nyuzi. Ninyi mmezaliwa wakati simu inapiga okestra nzima, kwa hiyo niwaeleze. Kinanda cha nyuzi kilitengenezwa kwa ajili ya bendi isiyokuwa na wapiga fidla. Unabonyeza kibonyezo kimoja, na unasikia kama watu kadhaa wanavuta fidla kwa pamoja, kila mmoja akipishana kidogo na mwenzake. Ndani hakuna kompyuta wala sauti iliyorekodiwa. Ni transista, kapasita na waya, na subira ya mtu aliyeziunganisha. Bendi za harusi za hapa zilivipenda, kwa sababu mwimbaji wa Kiborana au wa Kisomali akiachia noti ndefu, kile kinanda kilimshika mkono hadi apumue.

Siku yangu ya kwanza Mwirigi alifungia vifaa vyote kwenye droo, akaniweka mbele ya kinanda kibovu. "Leo hufungui kitu," alisema. "Piga, sikia, kisha uniambie inauma wapi." Nilipiga kutwa nzima. Wapita njia walidhani nimeanza kupiga kinanda cha kanisa, nami mtoto wa Kiislamu, habari iliyomfikia mama kabla ya magharibi na kuniletea maswali. Lakini jioni nilikuwa nimegundua kwamba noti moja ilisikika vizuri juu, ikasikika tena ngazi iliyofuata, kisha kuanzia katikati kushuka chini haikuwapo. Mwirigi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Vinanda hivi vina chanzo kimoja kinachotoa noti za juu kabisa, halafu chipu za kugawa zinaishusha kila noti ngazi kwa ngazi. Ikipotea noti kila mahali, tatizo liko kwenye chanzo. Ikipotea kuanzia katikati, mgawaji mmoja amekufa na wote walio chini yake wanalala njaa. Bado hamjagusa bisibisi na nusu ya kazi mmeshaimaliza.

Vifaa vyenyewe havikuwa vya ajabu. Chuma cha lehemu, meta, brashi ya kupakia rangi, spiriti, na raba ya mwanafunzi ya kusugulia vishikizo vya shaba vilivyo chini ya vibonyezo. Adui yetu mkubwa alikuwa vumbi, na baada ya vumbi, joto. Kapasita inayodumu miaka mingi mahali penye baridi, hapa hukauka upesi na kinanda huanza kunguruma. Na msiweke chai mezani. Nimesema hivyo miaka yote na naona vile vikombe.

Kulikuwa na kinanda cha bendi moja ya hapa mjini kilichokuwa kikinyamaza adhuhuri na kupona jioni. Mwenyewe alishakipeleka kwa mganga na kwa shehe, kwa zamu. Sisi tulikifungua tukakiweka juani juu ya bati, na kilipozima, Mwirigi akaanza kugusa bodi polepole kwa kijiti cha mbao, sehemu kwa sehemu, mpaka kikalia. Lehemu ilikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, ukifunguka kwa joto na kujifunga kwa baridi. Aliniachia mimi niizibe.

Katika mali aliyoileta kutoka Nairobi kulikuwa pia na vokoda. Ni sanduku la chuma, pana kiasi cha meza ndogo, lenye safu ya taa nyekundu usoni. Mjini waliliita sanduku la majini, na sikuwalaumu. Unaingiza maikrofoni upande mmoja na kinanda upande wa pili. Sanduku linasikiliza jinsi mdomo unavyokata maneno kwenye maiki, linagawa yale maneno vipande vipande, kuanzia vizito hadi vyembamba, na kila kipande kina taa yake inayowaka kinapopita. Kisha linaichukua sauti ya kinanda na kuichonga kwa umbo la mdomo wako. Matokeo yake ni kinanda kinachosema. Ukisema bila kubonyeza kinanda, spika iko kimya. Ukibonyeza bila kusema, kimya vilevile. Lazima vikutane. Mwirigi aliwahi kuniambia kwamba katika maisha yake yote hakuona bendi iliyolitumia kwa jambo la maana. Alipofariki, familia yake iliniachia duka, na lile sanduku likabaki juu ya kabati likiwa limefunikwa kwa kanga ya mke wangu.

Sasa nifike kwa Mzee Galgalo.

Wenye umri wangu wanamjua. Alitoka Korbesa akiwa kijana, akawa mnunuzi wa ng'ombe katika soko letu, na sauti yake ilijulikana kuliko jina lake. Kila harusi ya Waborana hapa mjini na vijiji vya karibu, yeye ndiye aliyeongoza eebba. Eebba ni baraka inayotolewa kwa sauti mbele ya watu. Mzee anatamka jambo moja moja la heri, mvua, maziwa, watoto, amani, na watu wote wanalirudisha pamoja. Isiporudishwa haihesabiki kuwa imetolewa. Nimesimama kwenye harusi nyingi nikipanga spika, na kila mara Mzee Galgalo alipoanza niliacha waya zangu nikasikiliza, ingawa lugha yenyewe naijua nusu nusu.

Kisha akapata uvimbe wa shingo. Madaktari walimweleza mapema kwamba mshipa wa sauti umezungukwa na huenda wasiweze kuuokoa, naye akakubali kupasuliwa kwa sababu alikuwa hawezi tena kupumua akilala. Alipona. Ila sauti haikurudi. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono, maneno yote yamekamilika lakini hayana mwili. Aliacha kwenda sokoni, kisha akaacha kwenda kwenye harusi za watu.

Alikuja dukani kwangu asubuhi moja na mkewe, Mama Halima. Tulisalimiana kwa salamu ya Kiislamu, yeye kwa midomo tu. Mama Halima ndiye aliyesema.

"Fundi Yusuf, kitinda mimba yetu, Rukia, anaolewa. Hawa watoto wengine wote baba yao amewapa eebba na mdomo yake. Sasa watu wanasema kaka mkubwa wa baba yao atakuja kutoka Korbesa aseme badala yake. Huyu mzee hajakula vizuri tangu hiyo siku."

"Tumpe maiki nzuri, mama."

"Tumejaribu. Maiki inapiga kelele mbele ya yeye kusikika. Ikisikika ni upepo tu, watoto wanacheka."

"Na simu? Siku hizi mtu anaandika, simu inasoma."

Mzee Galgalo alinong'ona kitu, na mkewe akakitafsiri bila kugeuka. "Anasema hiyo simu haijui Kiborana, na hata ingejua, haijazaa msichana."

Nilicheka, kisha nikaona macho yake. Mtu aliyewabariki watoto wa mji mzima alikuwa anakaribia kunyamaza mbele ya mtoto wake wa mwisho. Nilijikuta natazama juu ya kabati.

Niliwaambia warudi wiki inayofuata. Nililishusha sanduku, nikabadilisha kapasita karibu zote, nikasugua swichi na kufunga transfoma nyingine. Nilikichagua kinanda cha nyuzi kilichokuwa kizima kuliko vyote, nikazima ule mtetemo wa fidla nyingi ili kisije kikasikika kama muziki mbele ya mashehe, na nikatafuta noti nzito iliyofanana na sauti ninayoikumbuka. Mnong'ono kwa vokoda ni chakula kizuri. Sanduku halihitaji sauti, linahitaji mdomo tu.

Mzee Galgalo aliketi, akashika maiki, mimi nikabonyeza. Akanong'ona. Kutoka kwenye spika likatoka neno la Kiborana, zito, la mtu mzima. Aliishusha maiki akaitazama. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Nilidhani kazi imekwisha. Tukawaita majirani wachache wa Kiborana waje nyuma ya duka tufanye majaribio. Niliweka betri kuukuu juu ya kibonyezo ili noti isikatike, mzee akaanza kubariki, maneno yakasikika vizuri kabisa, na hakuna hata mtu mmoja aliyerudisha. Walikuwa wanatazamana. Mzee alirudia. Mmoja akajibu mapema, mwingine akachelewa, kisha wote wakaacha kwa aibu. Nilikagua waya. Nilipandisha sauti ya spika. Yule mzee wa watu alikuwa ameweka maiki mapajani na ameinamisha kichwa.

Mama Halima alikuwa mlangoni na birika.

"Si hivyo," alisema. "Yeye hushuka."

"Hushuka wapi, mama?"

"Akimaliza neno. Anaenda juu kidogo, halafu anashuka, na hapo watu wanaingia. Hii mashine yako inatembea tu bila kusimama. Watajua saa ngapi kuingia?"

Alisema kweli. Mimi nilikuwa nimesikiliza ile sauti miaka yote kama fundi, nikasikia uzito wake peke yake. Niliondoa betri nikajaribu kucheza kushuka kwenyewe, na kila mara nilikosea, kwa sababu sikujua sentensi inaishia wapi mpaka iwe imeshaisha. Mama Halima akatua birika chini. Hakuwa amewahi kugusa kinanda. Nilimwonyesha vibonyezo vitatu, nikavibandika vipande vya plasta ili asivipoteze. Mumewe akanong'ona, naye akaweka kidole cha katikati, akapanda cha juu, akasubiri, akashuka. Majirani wakaitikia wote kwa mpigo mmoja, hata wakajishtua wenyewe. Mama Halima alikuwa amemsikia akibariki tangu wote wawili wakiwa vijana. Alijua neno litakaposhukia kabla halijafika mdomoni mwa mumewe.

Ikabaki shida ya watu. Eebba ya harusi hutolewa na wazee wanaume kwenye hema lao, na kaka mkubwa wa mzee, aliyekuwa amefika kutoka Korbesa, hakutaka kusikia habari ya mwanamke kushika sauti ya eebba. Shehe alipoletwa dukani alisikiliza, akauliza kama kuna wimbo ndani yake, akaambiwa hakuna, akasema mwenye maneno ndiye anayebariki na chombo ni chombo. Yule kaka hakuridhika, lakini alikubali kwa sharti moja: mwanamke anayebonyeza asionekane hemani. Nikasema hilo ni jambo la waya tu.

Siku ya harusi nikah ilifungwa asubuhi, na mnong'ono wa mzee ulitosha hapo, maana shehe na mashahidi walikaa karibu naye. Eebba ilikuwa baada ya chakula, kwenye hema kubwa la wanaume, na watu walikuwa wengi. Hema la wanawake lilikuwa limeshikana nalo. Mimi nilikaa kwenye mpaka wa mahema mawili na sanduku juu ya meza. Waya mmoja uliingia kwa wanaume hadi kwenye maiki ya mzee. Mwingine ulipita chini ya turubai hadi kwa Mama Halima, aliyekaa mbele ya kinanda kati ya wanawake wenzake, hedifoni juu ya mtandio, akimsikia mumewe na hamwoni. Rukia alikuwa ameletwa kwa wanaume kupokea baraka, akaketishwa karibu na bwana harusi, uso umefunikwa.

Mzee akaanza. Nilihisi hema zima likishtuka, kwa sababu waliokuwapo walikuja wakijua hana sauti. Ilipanda, ikasubiri, ikashuka. Kisha wakarudisha. Akasema mvua, wakasema mvua. Akasema maziwa, wakasema maziwa. Yule kaka mkubwa alikuwa anaitikia kwa nguvu kuliko wote huku ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Nilimwona Rukia akitikisika mabega chini ya mtandio wake, na mimi, niliyekuja pale kulinda fyuzi, nilikuwa nalia waziwazi.

Akawabariki bwana harusi na nyumba yake. Akawabariki watoto watakaozaliwa. Kisha katikati spika ikanyamaza.

Midomo yake ilikuwa inaendelea. Watu walimwona akinong'ona ndani ya maiki na hakukuwa na kitu kinachotoka. Wazee wakageuka kunitazama. Kaka mkubwa akaniashiria kwa fimbo nifanye kitu. Nikatazama sanduku, na taa zote nyekundu zilikuwa zinacheza, nzito na nyembamba, kwa utulivu, neno baada ya neno. Maiki ilikuwa nzima. Sanduku lilikuwa zima. Niliinua kipembe cha turubai nikachungulia upande wa pili. Mama Halima alikuwa ameondoa mikono yote miwili kwenye kinanda na ameiweka juu ya hedifoni, akiibana masikioni, macho amefumba. Wanawake waliokuwa karibu naye walikuwa wanamtazama.

Niliachia turubai. Nilishika waya mmoja usiokuwa na ubaya wowote nikaanza kuuzungusha, kama mtu anayetafuta hitilafu.

Taa ziliendelea kucheza kwa muda, halafu zikatulia. Mzee alipumua, akainua kichwa, akasema neno la mwisho, nagaa, yaani amani, na safari hii sauti ikapanda, ikasubiri kuliko ilivyowahi kusubiri, ikashuka. Mahema yote mawili yakarudisha nagaa kwa pamoja, wanaume na wanawake, na sidhani kama kuna aliyekumbuka sharti la yule kaka.

Baadaye kaka mkubwa alinijia. "Fundi, umetusaidia," alisema, "lakini mashine yako ilikufa katikati."

"Waya ililegea, mzee," nilimjibu. "Mnisamehe."

Tangu siku hiyo, ukikaa na wazee wa soko la mifugo watakuambia Yusuf ni fundi mzuri, ila vitu vyake hukatika. Nimekosa kazi mbili tatu kwa sababu ya neno hilo, na sikuwahi kujitetea. Mzee Galgalo hakutoa eebba nyingine kwa lile sanduku. Alisema alichotaka kukisema ameshakisema. Mwaka jana alifariki, akazikwa Korbesa kama alivyotaka.

Mliponiomba niandike, nilikwenda kwa Mama Halima kwanza kumwomba ruhusa. Nilimkuta amekaa barazani na mtoto wa Rukia. Nilimwambia ninachotaka kuandika, na kwamba nikikiandika watu watajua ni nani aliyeinyamazisha spika siku ile. Alifikiri kidogo, akimpigapiga mtoto mgongoni.

"Andika, fundi," alisema. "Wajue mashine yako ilikuwa mzima."

Nilishukuru, lakini sikuinuka mara moja. Nadhani aliona nilichokuwa nakingoja, kwa sababu alitabasamu, akamgeuza mtoto bega la pili.

"Na yale maneno mzee alisema hapo," akasema, "yalikuwa ya mimi peke yangu."